Mdomo wa Bunduki

Toa kwanza risasi, Masalu. Hapana, usiniambie umetoa.
Vuta komeo, ingiza kidole cha mwisho kwenye chemba,
kiguse chuma kitupu, kisha kiguse tena.
Macho yaliyokesha lindoni hudanganyika.
Kidole hakijawahi kunidanganya.

Komeo liweke pale, juu ya gazeti la jana.
Mtutu uelekee ukuta wa mawe,
si dirisha: kule chini kivuko cha Kamanga
kinashusha watu na baiskeli na matenga ya kuku.

Sasa mdeki. Huu wa shaba, si ule wa nondo.
Ule wa nondo niliutundika msumarini makusudi
kama watu wanavyotundika picha ya marehemu.
Utauona kila siku. Usiuguse.

Unaingia kwa nyuma. Kwa nyuma, ndugu yangu,
kule risasi inakoanzia safari,
na kitambaa kinatokea mdomoni,
kinadondoka chenyewe, cheusi, kwenye kopo.
Ukifika hapo, ngoja. Usirudishe kwa pupa.
Huo ukingo, mwembamba kama ukucha wa mtoto,
ndipo risasi inapoagana na chuma.
Neno la mwisho inaloambiwa
ndilo inaloondoka nalo.

Unacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka ule wa viboko, Kayenze,
nilikuwa na mori wa kazi na mkono mzito.
Kila jioni nilisugua mtutu kwa mbele,
nondo ikila ukingo upande mmoja, krr, krr,
nikidhani kelele ndiyo usafi.
Ukang'aa! Kamanda akanisifu mbele ya gwaride.

Kisha usiku mmoja, shambani kwa Nyanzobe,
dume limekanyaga matikiti yote, limesimama
kati ya mihogo na maji, hatua arobaini.
Bugingo akalenga nyuma ya sikio.
Mimi nilimshikia tochi.
Bugingo hakuwa mtu wa kukosa.
Risasi ikaenda kushoto, upana wa kiganja,
na kiboko aliyejeruhiwa
si kila mara hukimbilia ziwani.

Simalizii. Mguu wake wa kulia uliishia Bugando,
au popote wanapopeleka miguu.
Yeye anauza vocha Buzuruga.
Akiniona ananiita, kwa furaha kabisa, "Fundi Holo!"
na sijui neno linalonikwaruza kama hilo.

Walisema giza. Wengine wakasema hofu.
Kwenye ripoti iliandikwa tochi ilitetemeka,
nami nikatia sahihi, maana tochi ilikuwa kosa dogo.
Lakini asubuhi yake nilijifungia humu na pamba,
nikaizungusha polepole kwenye mdomo wa ile bunduki,
ikanasa.
Nyuzi tatu, nne, nyeupe,
zikaning'inia kwenye kijino cha chuma
nilichokichonga mwenyewe, jioni baada ya jioni,
huku nikipiga mluzi.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa.
Huu uliponza mguu, na wa mtu mwingine.

Haya, kitambaa kikavu. Kingine. Bado kijivu, kingine tena.
Kisha mafuta, tone moja tu, usikaange samaki.
Unyevu wa ziwa hili hauna haya,
unaingia hata kwenye sanduku la harusi;
ukiacha chuma kikavu wiki moja ya mvua
kitakuota kutu kama ugonjwa wa ngozi.

Inua sasa, komeo likiwa bado mezani,
tazama kwa nyuma, elekeza angani.
Unaona michirizi inavyojisokota?
Na mwisho kabisa?
Ndiyo, anga. Duara dogo kama kifungo cha shati.
Likiwa duara, sawa. Likiwa yai, niambie,
hata kama ni wewe uliyelifanya yai.
Hasa kama ni wewe.

Chai yako imepoa, iache.
Chukua pamba, izungushe mdomoni.
Polepole.
Nataka isinase popote.
Nataka kusikia kimya.